Pale Fehmi Aliponyamaza

Rustem mwokaji mikate alikuwa na kilo mia moja na kumi, lakini akizunguka kwenye ibada ya Kisufi alikuwa mwepesi kama sahani ya bati iliyozungushwa juu ya meza. Alhamisi ile mazoezini mambo yalimharibikia. Katikati ya salamu ya tatu, kama walivyoziita sehemu nne za wimbo wao, wimbo ulinyamaza ghafla, ngoma ikagonga mara mbili, ko, ko, kisha wimbo ukarudi kwa mwendo mwingine kabisa, naye Rustem akatua kwa mguu wa makosa. Akampiga kumbo mwenzake wa kushoto, huyo akamgonga wa nyuma, sketi tatu nyeupe zikasokotana kama nguo ndani ya mashine ya kufulia. Kofia moja ndefu ya sufu ikabiringika sakafuni, ikapita mbele ya waimbaji wote waliokaa, ikaenda kutulia kwenye viatu vya Nezahat, mjane wa mwalimu wao Fehmi.

Nezahat aliiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaibusu ukingoni, kama alivyokuwa akiifanyia kofia ya mumewe kila alipomkabidhi. Halafu akacheka.

Alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Hakuwa amecheka tangu majira ya baridi yaliyopita, siku walipomzika Fehmi ardhi ya Konya ikiwa ngumu kama chuma, na sasa kicheko kilimtoka kwa mafuriko, kikamshika mbavu, akalazimika kuegemea ukuta.

"Shangazi Nezahat," alisema Korkut, akiiteremsha nai yake, filimbi ya tete, kutoka mdomoni. Korkut alikuwa daktari wa meno, na ndiye aliyekuwa akiongoza kundi tangu Mwalimu Fehmi afariki. "Samahani kwa ajali. Lakini kuna nini cha kuchekesha hivyo?"

"Hiyo ko, ko."

"Hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote, Shangazi. Ndicho kimya cha Mwalimu. Mapigo saba hakuna sauti, wazungukaji wanasikia sketi zao tu. Halafu tunabisha mara mbili kwenye mlango wa moyo. Nimekiandikia kurasa kumi na mbili, zitagawiwa kwa wageni wa kumbukumbu yake Jumamosi."

"Mlango wa nini?"

"Wa moyo."

"Mwanangu," alisema Nezahat huku akijifuta machozi kwa pindo la kitambaa, "huo ni mlango wa jikoni."

Wote wakamtazama. Rustem alikuwa bado amekaa sakafuni, miguu kanyoosha, kama mtoto aliyeanguka sokoni.

Basi akawaeleza, akiwa amesimama palepale na kofia ya mtu mkononi. Wimbo ule wa mzunguko, ambao mzee mmoja wa kitongoji cha Meram aliutunga zamani na haukuwahi kuandikwa, Fehmi aliupata kwa mwalimu wake kama wao walivyoupata kwake: kukaa goti kwa goti, kupiga mapaja, dum, tek-ka, dum, tek, mwalimu anaimba, mwanafunzi anarudisha, mara mia. Fehmi aliushika wote, salamu zote nne, isipokuwa msitari mmoja. Msitari ule wa salamu ya tatu, pale mapigo kumi na manne ya taratibu yanapogeuka kuwa mapigo sita ya haraka, ulikuwa ukimteleza kichwani kama sabuni.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwezi wa pili wa ndoa," alisema. "Alikuwa anajifunza chumbani na mwalimu wake, mimi jikoni nasukuma mkate nikiwasikia. Kila akifika hapo anakwama, anatukana, anaanza upya. Siku ya tatu nikachoka. Nikauimba mimi, kutoka jikoni. Akaudaka akaendelea. Kuanzia hapo ikawa hivyo. Anaimba mpaka hapo, mimi namaliza msitari, yeye anaendelea. Nikimwambia, jifunze bwana, ananiambia, kwa nini nibebe mwavuli ndani ya nyumba yenye paa?"

"Lakini mimi nimesoma kwake miaka kumi," alisema Korkut polepole. "Sikuwahi kusikia sauti jikoni."

"Hukusikia kwa sababu nilikuwa nimeacha."

Hilo alilisema kwa ufupi. Kulikuwa na mgeni siku moja, mtu mwenye ndevu na heshima zake, aliyenyanyua nyusi na kuuliza, kuna mtu jikoni? Hakusema zaidi ya hapo. Nezahat aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na tangu siku hiyo hakufungua mdomo wanafunzi wakiwapo. Fehmi hakumlaumu wala kumbembeleza. Ila alipofika pale alinyamaza, akageuza kichwa kidogo kuelekea mlango wa jikoni, akasubiri. Nezahat naye, kwa huruma, aligonga kifimbo chake cha kusukumia mkate juu ya kibao mara mbili: nipo, endelea. Miaka kumi na moja walifanya hivyo. Na wanafunzi wake, kwa kuwa walikuwa wanafunzi wema, walihifadhi kila kitu alichowapa. Hata shimo walilihifadhi, pamoja na kifimbo.

Mpiga ngoma alizitazama ngoma zake pacha kwa mashaka, kana kwamba zimemdanganya. Rustem ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni, kisha wote, isipokuwa Korkut.

"Kurasa kumi na mbili," alinong'ona Korkut.

"Nitafungia mikate," alisema Rustem. "Usijali, Daktari. Zitasomwa na watu wengi."

"Basi mguu wa Rustem haukukosea!" alisema yule aliyegongwa. "Ni wimbo ulioruka ngazi!"

"Shangazi," alisema Korkut, na sasa alikuwa amesimama, uso umemwiva, "tuimbie huo msitari."

Nezahat akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Hakukuwa na kitu.

Alijaribu tena. Alianzia nyuma kidogo, kwa maneno aliyoyajua, akafika ukingoni, na mbele yake palikuwa peupe kama uwanda wakati wa theluji. Alikumbuka kwamba maneno yalikuwa "ee rafiki", mara tatu, na kwamba sauti ilipanda kisha ikashuka. Ilipanda wapi, ikashukia wapi, hakujua. Jumamosi wageni wangekuja, mwaka wa Fehmi ulikuwa unatimia, na ule msitari haukuwa na mtu mwingine duniani wa kuujua ila yeye. Kama ulikuwa umemtoka, basi umetoka kabisa.

"Nipeni kesho," alisema, na kicheko chote kilikuwa kimemkauka. "Labda jikoni."

*

Ijumaa baada ya sala walikuja nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, wanaume sita wakipanda ngazi kwa vishindo. Rustem alibeba gunia la unga begani. Korkut alibeba nai, kalamu mbili, na simu ya kurekodia.

Berrin, jirani wa mlango wa pili, alitoka kabla hata hawajabisha. Alikuwa shoga yake Nezahat wa miaka thelathini na hakuwa na adabu hata kidogo.

"Jozi sita za viatu vya wanaume mlangoni kwako, shoga," alisema, akiwa ameshaingia. "Wa ghorofa ya kwanza wameniuliza nani anaolewa. Nimewaambia bado unachagua."

"Kaa kimya, Berrin, tunatafuta wimbo."

"Mmeupoteza wapi?"

"Hapa hapa."

Berrin akainama akatazama chini ya meza.

Nezahat alikanda, akakata madonge, akanyunyizia kibao unga, akaanza kusukuma. Wanaume wakajibanza jikoni, wawili kwenye jiko, mmoja juu ya ndoo, Korkut akiwa ameinyoosha simu mbele kama mtu anayempima homa. Macho kumi na manne, ukihesabu ya Berrin, yakaukodolea mdomo wake.

"Rafiki," aliimba Nezahat. "Ee ra..."

Hakuna.

"Labda unga mwingi," alisema Korkut.

"Labda unga mkavu," alisema Rustem, ambaye alikuwa amejizuia kwa dakika kumi nzima. "Shangazi, usinichukie, lakini donge hili linahitaji maji."

"Rustem, mimi nimesukuma mikate kabla mama yako hajaota jino."

"Nasema tu kama fundi."

"Kama fundi, zunguka basi! Simama hapo katikati uzunguke, labda kichwa changu kitazunguka nawe. Lakini mdomo ufunge."

Alisema kwa hasira, lakini Rustem alikuwa mtu wa kuchukua neno kama lilivyo. Akavua soksi, akakunja mikono kifuani, akainama kwa heshima mbele ya jiko la gesi. Alijifunza kama wote, miezi na miezi juu ya ubao wenye msumari, msumari umekaa katikati ya vidole vya mguu wa kushoto, chumvi imemwagwa chini ya unyayo ili ngozi iteleze isichubuke. Kasi aliyoijua ni kasi ya chumvi. Ile ya unga uliomwagika sakafuni hakuwahi kuionja.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri, mkono wa kulia umefunguka juu, wa kushoto umeelekea chini. Wa pili ulimshangaza. Wa tatu ulimchukua.

"Simama!" alisema Korkut.

"Sisimami!" alisema Rustem. "Hakuna breki!"

Wingu la unga likapanda. Mtu wa kwenye ndoo akasimama juu ya ndoo. Berrin alipiga kelele ya furaha, akajaribu kumkwepa, akanaswa mkono, na mara yeye pia alikuwa anazunguka, kandambili moja ikaruka ikaingia kwenye sinki. "Ya Rabbi, nina kizunguzungu!" alilia. "Usiniachie! Niachie! Usiniachie!" Rustem akatafuta kitu cha kushika, akakishika cha kwanza alichokipata, nacho kilikuwa kamba ndefu ya bamia zilizokaushwa, zile ndogo kama shanga ambazo Nezahat alizitunga mwenyewe wakati wa joto kwa ajili ya supu. Kamba ikakatika. Bamia mia tano zikanyesha juu ya vichwa vyao, zikarukaruka sakafuni, na juu yake vikateleza visigino vya daktari wa meno, mpiga ngoma, na mmoja wa waimbaji, mmoja baada ya mwingine.

Kisha kukawa na utulivu, na pua saba nyeupe.

"Je," aliuliza Rustem kutoka sakafuni, "umekuja?"

Nezahat alikuwa amejikunja juu ya kibao, mabega yanatikisika. Korkut alidhani analia, akamkaribia kwa wasiwasi. Hakuwa analia.

"Tokeni," alisema alipopata pumzi. "Tokeni wote jikoni kwangu, mbwa nyie. Kaeni chumbani kama watu, niwaletee mkate muondoke. Berrin, toka nawe, unayumba kama mlevi."

Wakatoka wakikung'utana. Mlango wa jikoni aliusukuma kwa kiwiko, ukabaki wazi upana wa kiganja, kama ulivyobaki siku zote kwa sababu bawaba yake ilikuwa mbovu na Fehmi miaka ishirini alikuwa akiahidi kuitengeneza.

Alibaki peke yake na madonge yake. Akasukuma la kwanza, akaligeuza robo, akasukuma, akaligeuza robo, mpaka likawa duara pana jembamba linaloonyesha kibao chini yake. Akalitupa kwenye kikaango. Hakuwa anafikiria wimbo. Alikuwa anafikiria bamia zake, na jinsi ambavyo Fehmi angesimulia jambo hili, na jinsi ambavyo kila akisimulia bamia zingeongezeka, mia tano, elfu, gunia.

Huko chumbani hawakuweza kukaa bure. Watu wa namna ile wakikaa pamoja mapaja yao yanaanza yenyewe. Dum, tek-ka, dum, tek. Mtu akaanza salamu ya pili, wengine wakaingia, bila makuu, kwa kupitisha muda tu. Korkut alikaa kwenye mto wa Fehmi kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Walipita salamu ya pili, wakaingia ya tatu. Mapigo kumi na manne, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi za mnara bila haraka. Wakafika pale. Wakanyamaza.

Ngoma hazikuwapo, na mpiga ngoma alikuwa akitafuna kipande cha mkate alichoiba, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Na Korkut, kwa kuwa alisikia harufu ya kuungua, aligeuza kichwa kidogo kuelekea mlango wa jikoni.

Nezahat aliona kwenye ule upana wa kiganja. Mto uleule, bega lilelile la mtu aliyekaa, shingo imepinda, sikio limegeukia kwake. Linasubiri.

Ukamtoka. Hakuutafuta, aliusikia ukiwa tayari hewani, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruza kidogo kwa kutotumika: ee rafiki, ukapanda, ee rafiki, ukapanda pale ambapo hakuna mtu angedhani kuna pa kupanda, ee rafiki, ukashuka mbio, ngazi mbili mbili, na ngazi ya mwisho ilikuwa ndiyo pigo la kwanza la yale sita.

Chumbani waliudaka. Hawakuwahi kupita hapo maishani mwao, lakini miguu iliijua njia. Dum-tek-tek, dum-tek-tek, wimbo ukageuka kama farasi aliyeona zizi, na Rustem akapiga ukelele, akasimama akazunguka juu ya zulia, akatua kwa mguu wake, akatua tena kwa mguu wake.

"Ni ngazi!" alipaza sauti. "Nyie, kumbe hapo kuna ngazi!"

Mkate ulikuwa umeungua mpaka ukawa mweusi. Korkut aliingia jikoni akikimbia juu ya bamia, machozi na unga vimemfanyia uji mashavuni, kalamu mkononi.

"Tena, Shangazi! Tena, niandike!"

"Weka kalamu."

"Lakini ukisahau..."

"Nimesema weka. Kaa chini. Magoti."

Wakakaa hapo hapo jikoni, goti kwa goti, kwenye unga. Aliwapa mara thelathini. Korkut aliupata mara ya nane, mpiga ngoma mara ya kumi. Rustem alikuwa wa mwisho, na Berrin, ambaye hakualikwa, alimcheka kwa sababu yeye aliupata kabla yake.

Walipokuwa mlangoni wakitafuta viatu vyao, Nezahat alimvuta Korkut mkono. Jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu mara ya ishirini.

"Sasa mnaujua nyote," alisema. "Mtaimba moja kwa moja. Hamtanyamaza tena pale."

Korkut hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. Miaka kumi na moja Fehmi alikuwa amekaa ndani ya yale mapigo saba akiwa amegeuza shingo, na mwaka huu wote, kila walipoufanyia mazoezi wimbo ule, alikuwa amekaa humo bado.

"Shangazi," alisema akifunga kamba za viatu, "mimi ndiye mtu wa kuziba mapengo mji huu. Hili siligusi. Ila uje ukae nasi. Siwezi kugeuza kichwa nitazame ukuta."

"Mbele ya watu? Nikae na wanaume kwenye safu?"

"Na kifimbo chako."

"Wataninyanyulia nyusi."

"Wenye nyusi nitawang'oa meno," alisema Korkut, na kutoka kwenye ngazi Rustem akaitikia, "Bure!"

*

Jumamosi alasiri theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka Meram, na ndani ya nyumba ya mawe walimokuwa wakizungukia watu walijaa mpaka madirishani. Berrin alikaa mbele akiwa amevaa dhahabu zake zote. Nezahat alikaa kwenye safu ya waimbaji, wa mwisho kulia, kibao cha jikoni mapajani, kifimbo juu yake. Palikuwa na mzee mmoja aliyenyanyua nyusi. Nezahat alimwona, akahisi masikio yanaanza kumchoma, akatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na unga kwenye mikunjo ya vidole.

Salamu ya kwanza, ya pili. Sketi zilifunguka moja moja, nyeupe. Salamu ya tatu ikapanda ngazi zake bila haraka. Wakafika pale. Wakanyamaza.

Wazungukaji hawakusimama. Nyumba nzima ilisikia sketi zao tu, upepo mdogo unaokuja na kuondoka, na Korkut aligeuza kichwa.

Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Msitari ulikuwa tayari mdomoni mwake, mzima, wa moto. La sita, la saba. Nezahat hakuimba. La nane. Kila Rustem alipopita alimtupia jicho, na kila jicho lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. La tisa. Daktari wa meno alianza kutoka jasho. Nezahat aliwaza: kidogo tu, Fehmi, kaa hapo kidogo tu, hujawahi kunikimbia. Na alikumbuka kwamba siku za mwanzo, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akimfanyia hivi hivi kwa makusudi, anamchelewesha, mpaka bwana mzima anagonga ukuta kwa ngumi, mwanamke wee, nitakufa hapa!

Kicheko kikaanza kumpanda. Akakishika. Akanyanyua kifimbo, akagonga kibao, ko, ko.

Akaimba.

Ulipofika ngazi ya mwisho wote walikuwa chini wakiusubiri, ngoma, nai, mapaja, na yale mapigo sita yakaondoka na nyumba. Sketi zikapanda mpaka mabegani. Rustem alipita, mguu wake wa kweli chini, ameng'aa, kilo mia moja na kumi za hewa, akapita tena, akapita tena, na Nezahat akiendelea kumfuata kwa macho aliona kuta zinaanza kwenda, na taa, na dhahabu za Berrin, na nyusi za mzee zikiwa zimesahauliwa huko juu, vyote vinazunguka, na yeye katikati na kibao chake. Angeweza kushika ukuta. Hakushika kitu.